Ekegusii: Lugha ya Kura Isiyo na Bajeti

Hakuna wizara ambayo Gusii, yaani Kisii na Nyamira, imeizoea kama ya Elimu. Sam Ongeri aliishika kuanzia 2008 hadi 2012. Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu kule Nyamira, akaingia mwishoni mwa 2015 na kutoka 2018. Ezekiel Machogu akakabidhiwa 2022, na alipoondoka 2024 kiti kikaenda kwa Julius Migos Ogamba, naye pia wa Kisii. Ongeri na Machogu wote wawili waliwahi kuwa wabunge wa jimbo moja, Nyaribari Masaba. Na miaka yote hiyo, mtoto wa Nyaribari Masaba aliyetaka kufunguliwa kitabu cha Ekegusii darasani alitegemea bahati tu: mwalimu mwenye moyo, nakala kuukuu iliyosalia kabatini, mwalimu mkuu asiyebana sana ratiba.

Kuwalaumu mawaziri peke yao itakuwa kuwaonea. Waziri wa Elimu ni wa nchi nzima, na atakayeonekana kupendelea lugha ya kwao atararuliwa Bungeni kabla jua halijatua. Lakini orodha hiyo inazima hoja moja inayopendwa sana kwenye matanga na mikutano ya hadhara, kwamba Ekegusii kinadidimia kwa sababu Abagusii, yaani Wakisii, hawana mtu mezani. Watu wamekuwa mezani. Kilichokosekana ni mgogoro wenyewe: hakuna mwanasiasa wa Kisii wala Nyamira aliyewahi kupoteza kiti kwa kuipuuza lugha hii, wala aliyekipata kwa kuitengea fedha.

Hesabu za sensa ya 2019 zinaeleza sehemu ya kitendawili. Wakisii walihesabiwa milioni 2.7 kati ya Wakenya milioni 47.6, kabila la saba kwa ukubwa. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu milioni 1.27 na Nyamira 605,000 hivi, wengi wao wakizungumza Ekegusii. Kwa hiyo mtu yuleyule akiwa Ogembo au Nyansiongo ni wa wengi, na akishuka basi Nairobi, kwa hesabu ya nchi nzima, ni mmoja kati ya watu wasiofika 6 kwa kila 100. Wanasiasa wameujua mchezo wa pande hizo mbili. Nyumbani wanadai heshima ya wengi, Nairobi wanadai huruma ya wachache, na kwa kuwa madai yote mawili yana ukweli ndani yake, hakuna anayewauliza wamefanya nini.

Sheria nayo haina ubaya. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, kisha inaibebesha Serikali jukumu la kukuza na kulinda lugha za Wakenya. Ibara ya 44 inampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoitaka na kushiriki utamaduni wake. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo.

Haki hiyo ya mwisho ndiyo pekee ambayo mwananchi wa kawaida huiona kwa macho. Katika mahakama ya Kisii au Nyamira, mzee aliyeshtakiwa katika ugomvi wa mpaka wa shamba akisimama kizimbani na kusema hajui Kiswahili cha kutosha, karani hugeuka mkalimani papo hapo. Swali la wakili huingia kwa Kiingereza na kumfikia mzee kwa Ekegusii, jibu lake refu lenye majina ya mababu na miti ya mpakani hurudi likiwa sentensi moja ya Kiingereza, na hakimu huandika hiyo sentensi moja. Rufaa ikikatwa, kinachosomwa ni hiyo. Mababu na miti havimo.

Shuleni mambo yana historia ndefu zaidi. Tume ya Ominde ya 1964, taifa likiwa bado changa, iliitaka shule ianze na Kiingereza tangu darasa la kwanza, na lugha za nyumbani zikaachiwa kipindi cha hadithi. Kamati ya Gachathi ya 1976 ikageuza: lugha ya eneo la shule itumike madarasa matatu ya mwanzo. Ndipo vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vikasambaa katika lugha nyingi za nchi, na wako watu wazima Gusii leo waliojifunza kusoma kwavyo. Sera ya Gachathi haijawahi kufutwa. Ilizikwa tu chini ya mitihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani, Kiingereza kikabaki mfalme, na Ekegusii, ambacho hakikuulizwa popote kwenye karatasi ya darasa la nane, kikageuka kuwa kosa la nidhamu. Diski, kile kipande cha ubao alichovishwa shingoni mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama, ilizunguka katika shule nyingi za Kenya, na za Gusii zilikuwamo.

Mtaala wa umilisi, CBC, ulikuja na ahadi mpya. Majaribio yake yalianza 2017 Matiang'i akiwa waziri, na Januari 2019 ukaingia nchi nzima kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, ukiwa na somo la Lugha ya Kiasili ndani yake. Kwenye karatasi huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wowote tangu Gachathi. Kwenye ratiba ni vipindi 2 kwa wiki, kati ya 31, katika Gredi ya 1 hadi ya 3. Kiingereza kina 5, Kiswahili 4. Kisha mtoto akivuka Gredi ya 3, Ekegusii kinatoweka kwenye masomo ya lazima miaka sita mfululizo, hadi amalize shule ya sekondari ya msingi. Huko juu, katika sekondari ya juu, lugha za kiasili zinajitokeza tena kama somo la hiari katika mkondo wa sayansi za jamii. Ni kana kwamba mtoto amefundishwa kuogelea kwenye beseni, akatolewa nje miaka sita, halafu akaulizwa kama angependa kuvuka Ziwa Viktoria.

Kuna tukio lingine ambalo halikupigiwa kelele Gusii, ilhali lilikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi. Kati ya 2011 na 2014 mradi wa PRIMR ulijaribu kufundisha kusoma kwa lugha ya mama, na lugha zilizochaguliwa zilikuwa Kikamba na Lubukusu. Ulipofuata mpango wa Tusome mnamo 2015, ule uliojaza vitabu katika madarasa ya mwanzo ya shule zote za umma, vitabu vilikuwa vya Kiingereza na Kiswahili pekee. Mtoto wa Kitutu Masaba alipata kitabu chake mwenyewe, kipya, cha rangi, jambo ambalo wazazi wake hawakuwahi kuliota. Hakikuwa na neno la Ekegusii. Nani angelalamika? Kitabu ni kitabu, na ukweli ni kwamba watoto walisoma vizuri kuliko awali.

Wazazi, basi. Katika mjadala huu wao husemwa kama watu waliodanganywa, na hilo si haki. Mzazi wa Keroka anayebana matumizi ya nyumbani ili mwanawe aende shule ya kibinafsi amepiga hesabu yake sawasawa. Ekari zimepungua hadi kipande. Gusii ni mojawapo ya sehemu zenye msongamano mkubwa wa watu nchini, na mtoto hatarithi shamba la kumlisha. Atarithi cheti. Cheti kiko kwa Kiingereza. Mwalimu anayejaribu kueleza faida za lugha ya mama hujibiwa kwa ufupi: "Mwalimu, Ekegusii atakipata kwa nyanya yake. Hapa nimemleta apate Kizungu." Tatizo la jibu hilo ni kwamba nyanya yuko Bomachoge na mtoto anaishi mjini na wazazi wanaozungumza naye Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, lakini kama hesabu ya uchumi haina dosari.

Mjini kuna kikwazo cha sera yenyewe. Kanuni husema lugha ya eneo la shule ndiyo itumike, na mjini Kisii lugha hiyo kwa vitendo ni Kiswahili. Sokoni Daraja Mbili mnunuzi wa Kijaluo kutoka Homa Bay, mkulima wa ndizi kutoka Nyaribari na dereva wa Kikipsigis hukubaliana bei kwa Kiswahili bila ya kuitishwa kikao. Wapo pia Wanubi, ambao wazee wao walifika mjini na jeshi la kikoloni na wakabaki. Kinubi hakina kipindi shuleni, na hakuna diwani atakayekitaja. Wanaodai kuwa Ekegusii kimeonewa wanapaswa kuangalia upande huo pia, kwa kuwa kwa Mnubi wa Kisii, lugha kubwa inayommeza si Kiingereza tu.

Hapo ndipo mfano wa Abasuba unapouma. Hao ni jamii ya Kibantu ya visiwa vya Rusinga na Mfangano na mwambao wake, na lugha yao ni ndugu wa mbali wa Ekegusii. Ndoa, biashara ya samaki, kanisa na shule viliingia kwao kwa Dholuo, na shuleni "lugha ya eneo" ikawa hiyohiyo Dholuo. Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walichapisha uchunguzi wao kuhusu uhamaji huo wa lugha mnamo 1992, na UNESCO imekiorodhesha Kisuba miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Leo kuna majimbo mawili ya uchaguzi, Suba Kaskazini na Suba Kusini. Jina lilipata wabunge. Lugha ilikosa walimu. Na sera iliyoidhoofisha ndiyo ileile inayotetewa kama kinga ya Ekegusii.

Gusii si Mfangano. Lugha ya jamii yenye watu milioni 2.7, makanisa yaliyojaa kila Jumamosi na Jumapili, na redio zinazotangaza mchana kutwa haifi kwa kizazi kimoja. Anayetabiri mwisho wake kwa tarehe anauza magazeti. Kinachotokea ni kitu kingine: lugha inapunguziwa kazi. Inabaki kuomboleza, kuomba, kutania na kuomba kura. Inapoteza kuandika, kukokotoa, kushtaki na kufundisha.

Redio ndiko siasa ya lugha ilikowahi kuwa moto kweli. Egesa FM ya Royal Media Services na Minto FM ya KBC zilikipa Ekegusii kitu ambacho serikali haikuwahi kukipa, yaani msamiati wa habari za kila siku uliotungwa mbele ya kipaza sauti: bei ya majani chai, riba, bajeti ya kaunti. Lakini redio za lugha za mama zilibeba pia sumu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilizitaja miongoni mwa vichocheo. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague, na kesi yake ikakatizwa Aprili 2016. Tangu hapo, kila uchaguzi ukikaribia, huzuka sauti Nairobi zinazotaka lugha za mama zibanwe, zitolewe ofisini, zitolewe hewani.

Kwa Abagusii hoja hiyo haiwezi kutupwa kirahisi, kwa sababu wao walikuwa upande wa waliokimbia. Mwaka 1992, kisha tena mapema 2008, familia za Wakisii zilifukuzwa Bonde la Ufa, na mpakani mwa Borabu na Sotik, kwenye soko la Chebilat, nyumba na maduka yaliteketezwa. Mtu aliyelala kanisani na watoto wake kwa sababu ya kabila lake hana haja ya kuhutubiwa kuhusu hatari za ukabila. Lakini je, lugha ndiyo ilichoma moto? Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki ya kuepukwa kwenye kampeni. Yalikuwamo "madoadoa", "kwekwe", "mende", "watajua hawajui", hata "hatupangwingwi". Mengi ni ya Kiswahili na Sheng. Kama kigezo cha kupiga lugha marufuku kingekuwa kubeba matusi ya kisiasa, lugha ya taifa ingetangulia foleni.

Kwenye mazishi ya mtu mashuhuri huko Kitutu Chache au Bobasi, mgeni anaweza kuuona mpango mzima kwa dakika kumi. Mheshimiwa huanza kwa Kiswahili, kamera zikiwa mbele: amani, maendeleo, umoja wa Wakenya. Kisha husogea kando ya kipaza sauti, hucheka kidogo, na kuhamia Ekegusii. Hapo sauti hubadilika, wazee huinua vichwa, na ujumbe wa kweli hutoka: nani amemsaliti nani, jamii ielekee kapu gani, nani asipewe kura. Yaliyosemwa kwa Kiswahili huingia taarifa ya saa moja. Yaliyosemwa kwa Ekegusii huamua uchaguzi. Mwanasiasa huyo anaihitaji lugha mahali ambapo wengine hawaielewi. Kitabu cha Gredi ya 5, kamusi ya mahakama, au fomu ya hospitali kwa Ekegusii havimsaidii, kwani vitu hivyo huifungua lugha kwa kila mtu.

Tangu 2013, hata hivyo, kisingizio cha Nairobi kimepungua nguvu. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti elimu ya chekechea pamoja na shughuli za utamaduni na maktaba. Maana yake ni kwamba miaka miwili ya kwanza ya shule, ile ambayo sera inaitaka iwe ya lugha ya eneo la shule, iko mikononi mwa magavana wa Kisii na Nyamira. Hawahitaji kibali cha waziri kununua vitabu vya hadithi vya Ekegusii vya chekechea. Kaunti hizi mbili zimegombana kwa miaka kuhusu nani akusanye ushuru wa soko la Keroka, mji uliokatwa na mpaka katikati. Mabishano ya nguvu kama hayo kuhusu kitabu cha chekechea bado hayajasikika.

Halafu kuna fundo ambalo wanasheria wamelinyamazia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ajira za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Nia ni njema, na Mkipsigis wa Borabu au Mnubi wa mjini anaihitaji kinga hiyo. Ila mwalimu wa chekechea ni ajira ya kaunti. Sera ya elimu inamtaka ajue Ekegusii. Sheria ya ajira inataka karibu theluthi ya nafasi za namna hiyo ziende kwa wasiokulia kwenye lugha hiyo. Upande wa serikali kuu, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, nayo ilianza 2018 kuwahamisha walimu, hasa wakuu wa shule, mbali na maeneo ya kwao, hadi mwaka 2022 uhamisho huo ukawa mtaji wa kampeni na William Ruto akaahidi kuufuta. Mjadala wote ulihusu ndoa zilizotenganishwa na gharama za nyumba. Nani atafundisha vipindi viwili vya lugha ya kiasili katika shule ambayo mwalimu ametoka Kitui, halikuwa swali la mtu yeyote.

Kazi ya kitaalamu ipo, na nyingi imefanywa bila serikali. W. H. Whiteley alichapisha uchambuzi wa njeo za Ekegusii mwaka 1960. Biblia nzima ilitoka 1988 na tahajia yake ikawa sheria isiyotungwa na bunge. Kennedy Bosire na Gladys Machogu wakatoa kamusi kubwa ya Ekegusii mwaka 2013. Lugha ina irabu saba lakini huandikwa kwa herufi tano, na msomaji hujazia mwenyewe kwa mazoea. Mtu mzima aliyekulia kwenye lugha hiyo hawezi kuona shida. Mtoto wa mjini, anayejifunza kusoma na kujifunza lugha kwa wakati mmoja, anakwama palepale.

Jirani zetu wamechukua njia tofauti. Tanzania haina nafasi ya lugha za makabila katika mtaala wake, kwa hiyo Mkuria wa Tarime anaanza shule kwa Kiswahili huku ndugu yake wa upande wa Kenya akiahidiwa vipindi vya Kikuria; hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa wa Kenya kwa sababu hiyo anakijua Kikuria zaidi. Uganda, ilipoanzisha mtaala wa mada mwaka 2007 na kuamuru lugha za maeneo zitumike madarasa matatu ya mwanzo, ilizitaka jamii ziunde bodi za lugha na zikubaliane kuhusu tahajia kwanza, ndipo vitabu viandikwe. Bodi hizo zimegombana, zimekosa fedha, nyingine zimelala. Lakini ziliwalazimisha watu kukaa chumba kimoja.

Chumba hicho kikifunguliwa Gusii, ugomvi utakuwepo tangu asubuhi ya kwanza. Ekegusii kina lahaja mbili zinazotajwa sana, Rogoro ya sehemu kubwa ya nyanda na Maate ya kusini, pande za Mugirango Kusini. Wanyamira watauliza kwa nini ofisi ikae Kisii. Waadventista wa Nyanchwa na Wakatoliki wa Nyabururu watakuja na tahajia walizozoea kwenye vitabu vya nyimbo. Watangazaji wa redio watadai kuwa maneno yao mapya tayari yanatumika sokoni. Wahasibu wa kaunti mbili watauliza nani alipe nusu gani. Borabu itataka kujua kama mtoto wa Kikipsigis atapata kipindi cha Kikipsigis kwa bajeti hiyohiyo, na mtu wa mjini Kisii atauliza vivyo hivyo kwa niaba ya Kinubi. Yote hayo yatahitaji kura kwenye mabunge mawili ya kaunti, mbele ya madiwani ambao kanuni za mabunge yao zinawataka wajadiliane kwa Kiswahili au Kiingereza.